Upinde wa Wahadzabe: Jinsi Unavyofanywa na Kusawazishwa

Upinde ulioegemezwa ukutani huonekana kuwa kitu chepesi sana: fimbo iliyopindika na kamba iliyofungwa ncha mbili. Watu wengi, hata waliosoma, huutazama kwa dharau kidogo, wakisema ni chombo cha watu wa kale ambao hawakupata bunduki. Lakini aliyewahi kujaribu kuufanya upinde kwa mikono yake mwenyewe ajua ya kuwa kazi ile ina hesabu nyingi. Upinde ni kama mizani. Upande mmoja ukizidi, hesabu yote imeharibika. Twataka katika habari hii kueleza upinde wa nchi ya Karatu na Ngorongoro, hasa ule wa Wahadzabe wa ziwa Eyasi: jinsi ulivyodumu, jinsi unavyosawazishwa hata ukawa tayari kwa kazi, na hatari iliyoupata katika siku zetu. Nasi twawaandikia walimu wenzetu na wanafunzi wao, maana habari hii yawahusu kuliko wanavyodhani.

Kwanza na tuitazame nchi. Msafiri atokaye Mto wa Mbu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, akafika Karatu penye udongo mwekundu na mashamba ya mahindi, ngano na kahawa. Akiendelea mbele hufika lango la Ngorongoro na ile kreta kubwa, ambayo upana wake wapata kilomita 19 na kina chake mita 600. Bali akigeuka kusini-magharibi, njia humteremsha katika joto na vumbi mpaka Mang'ola, penye chemchemi na mashamba ya vitunguu, na mbele yake ziwa Eyasi lenye maji ya magadi. Huko, katika vichaka vya miiba, mibuyu na majabali, ndiko waliko Wahadzabe. Majirani wamezoea kuwaita Watindiga au Wakindiga. Hesabu yao si kubwa, yapata watu elfu moja na mia kadhaa, na lugha yao yenye sauti za kidoko haina ndugu anayejulikana miongoni mwa lugha za dunia. Jirani zao ni Wairaqw walimao, Wadatoga na Wamasai wafugao, na Waisanzu wa upande wa kusini. Kila mmoja wao alikuwa na silaha zake, lakini Wahadzabe ndio ambao maisha yao yote yalishikwa na upote wa upinde.

Habari za kale za upinde ni ngumu kufuatwa, kwa sababu mti huoza na kano huliwa na wadudu. Mawe na mifupa ndivyo vinavyobaki. Katika nchi ya Ngorongoro vitu vya kale si haba. Pale Olduvai, mwaka 1959, Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe wa zamani sana lililopewa jina la Zinjanthropus. Na pale Laetoli, mwaka 1978, ziligunduliwa nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Hao waliishi kabla ya pinde zote. Lakini karibu na ziwa Eyasi liko pango liitwalo Mumba, ambalo Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit walilichimba katika miaka ya 1930, na wataalamu wengine wakalichimba tena baadaye. Humo yalitoka mawe madogo yaliyochongwa kwa umbo la mwezi mwandamo, pamoja na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Wako wataalamu wadhanio kwamba mawe ya namna hii yalifungwa kwenye silaha za kurushwa. Tena huko Afrika ya Kusini, katika pango la Sibudu, vimeonekana vijiwe vyenye umri upatao miaka 60,000, navyo vyadhaniwa kuwa ni vigumba vya mishale. Basi yawezekana kabisa kwamba upinde ulizaliwa katika bara letu hili, ndipo ukaenea duniani.

Hata hivyo yatupasa kuangalia tusije tukakosea kama walivyokosea wageni wengi. Wao walipowaona Wahadzabe na pinde zao walisema, "Hawa ni watu wa enzi ya mawe waliosahauliwa." Neno hilo si la kweli. Mshale wa Mhadzabe una kigumba cha chuma, na chuma kile kilitoka kwa wahunzi wa Wadatoga na majirani wengine, kwa kubadilishana na nyama, ngozi na asali. Siku hizi hutumia misumari, wakiifua ikiwa baridi juu ya jiwe hata ikawa bapa na kali. Watu hawa walifanya biashara, wakapokea vitu vipya, wakachagua vilivyowafaa na kuviacha visivyowafaa. Hiyo ndiyo historia, nao wanayo kama watu wengine wote.

Wageni waliofika na kuandika ni wengi. Oscar Baumann aliiona kreta ya Ngorongoro mwezi wa Machi mwaka 1892, akapita pia nchi ya Eyasi. Wakati ule sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe wa Wamasai, na njaa ilikuwa kali. Wafugaji wengi walikimbilia kwa wakulima na wawindaji ili wapate kuishi. Mwaka 1911 alikuja Erich Obst, akakaa na Wahadzabe kitambo na kuandika habari zao. Mwaka 1930 alikuja Bibi Dorothea Bleek kutoka Afrika ya Kusini, akitaka kuisikia lugha yao. Kisha, kuanzia mwaka 1958, James Woodburn kutoka Uingereza aliishi nao muda mrefu na kujifunza lugha yao, akaandika kwa uangalifu habari za vyombo vyao, upinde ukiwa miongoni mwavyo. Lakini yote waliyoandika walifundishwa na wenyeji. Mhadzabe ndiye aliyekuwa mwalimu, na mgeni alikuwa mwanafunzi mwenye daftari.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Mwanzo wake ni kuchagua mti. Hautakiwi mti wowote upatikanao njiani. Hutakiwa mti mgumu unaopindika bila kukatika, kama mkole na miti mingine ya porini. Mwenye kutafuta hutazama tawi lililonyoka, lisilo na vifundo wala ufa, lenye urefu unaokaribia kimo cha mtu. Hulikata likiwa bichi, hulimenya ganda, kisha hulichonga kwa kisu na shoka. Katikati, pale pa kushikia, pabaki pnene, na ncha mbili ziwe nyembamba kwa kadiri. Hapa wahenga walisema kweli: samaki mkunje angali mbichi. Mti bichi ukipashwa moto na kupakwa mafuta hukubali kunyoshwa au kupindwa, nao hutiwa katika panda ya mti mwingine ili ushike umbo linalotakiwa. Ukikauka, umbo lile limekwisha kukaa.

Hapo ndipo kazi ya kusawazisha inapoanza, nayo yataka subira kuliko nguvu. Fundi huuvuta upinde kidogo kidogo, huku akiitazama nusu ya juu na nusu ya chini. Nusu moja ikipinda zaidi ya nyingine, ajua ile isiyopinda ni nene mno, naye huikwangua kwa kisu, akavuta tena, akatazama tena. Mara nyingine hukwangua unga wa mti usiojaza kiganja kwa saa nzima. Akifanya haraka akatoa mti mwingi, hawezi kuurudisha. Atalazimika kukwangua upande wa pili pia, na upinde utazidi kuwa dhaifu. Upinde ambao nusu zake hazilingani huupeleka mshale juu au chini, tena huchoka upesi upande mmoja, na mwisho huvunjika mahali pale palipoelemewa.

Upote ni jambo la pili. Wahadzabe huufanya kwa kano za mnyama mkubwa, ambazo hukaushwa, hupasuliwa nyuzi nyuzi, hulainishwa, kisha husokotwa hata zikawa kamba moja yenye nguvu. Kamba hiyo huzungushwa mara nyingi kwenye ncha ya upinde, na kwa sababu hiyo mwenyewe aweza kuikaza au kuilegeza apendavyo. Nafasi iliyopo kati ya upote na mti ina maana kubwa. Upote ukilegea mno, nafasi ile huwa ndogo, nao hupiga mkono wa mshikaji na mshale hutoka bila nguvu sawasawa. Ukikazwa mno, mti huelemewa hata kabla ya kuvutwa. Tena kano hupenda maji: siku ya mvua hulegea, siku ya jua kali hukaza. Kwa hiyo mwindaji mwenye akili huujaribu upote wake asubuhi kabla ya kuondoka, akiuvuta kwa kidole na kuusikiliza, mfano wa mpiga zeze akazaye uzi wake.

Jambo la tatu ni mshale, nao ndio unaowashinda wanaojifunza. Wano la mshale huchongwa kwa mti mwembamba ulionyoka. Kama umepinda, hupashwa moto, kisha hunyoshwa kwa mikono na kwa meno, na mwenyewe hufumba jicho moja na kuutazama kutoka mwisho mmoja hata mwisho wa pili. Manyoya ya tai au ya kanga hufungwa nyuma kwa nyuzi za kano ili kuuongoza mshale angani. Mshale ukiachwa hauendi umenyoka kama wengi wanavyofikiri. Kwa kuwa mti wa upinde umeuzuia kupita katikati kabisa, mshale hujipinda kidogo kama samaki aogeleaye, ukauzunguka mti, kisha ukanyoka ukiwa njiani. Wano likiwa gumu mno haliwezi kujipinda, nalo huenda kando; likiwa laini mno hujipinda kupita kiasi, nalo huenda kando ya pili. Basi kila upinde una mishale yake. Ukiazima mshale wa mtu mwenye upinde wa nguvu nyingine, usishangae ukikosa.

Mishale ya Wahadzabe ni ya namna mbalimbali. Iko ya mti mtupu iliyochongwa ncha, kwa ndege na wanyama wadogo; iko yenye kigumba kipana cha chuma kisicho na sumu; na iko yenye kigumba kilichopakwa uchungu kwa wanyama wakubwa. Mishale ya uchungu hufungwa kwa ukanda wa ngozi ili sumu isikauke, tena isimdhuru mwenyewe wala watoto. Mwindaji akiisha kumpiga mnyama mkubwa hamfukuzi mara moja, kwa kuwa mnyama akifukuzwa hukimbia mbali. Hurudi au hukaa kimya saa nyingi, ndipo wafuate nyayo pamoja na wenzake. Wahenga husema, mshale kwenda msituni haukupotea. Wahadzabe wamelishika neno hilo: mshale uliokosa hutafutwa katika majani hata ukaonekana, maana kazi iliyotiwa ndani yake ni ya siku nzima.

Juu ya nguvu ya pinde hizi, waliozipima waliona kwamba nyingi hutaka nguvu ipatayo kilo 30 ili kuvutwa hata mwisho, na nyingine huzidi hapo. Kijana wa mjini mwenye misuli mizuri, akipewa upinde wa namna hiyo, huufikisha nusu ya safari, mkono ukaanza kutetemeka. Mhadzabe huuvuta kwa sababu alianza mapema. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali na umri wa miaka mitatu au minne, naye hupiga ndege na panya kuzunguka kambi. Akikua, upinde hukua pamoja naye. Hakuna siku aambiwayo, "Leo ndiyo siku ya somo." Somo ni maisha yake yote.

Ili tuone vema maarifa haya, na tuyalinganishe na upinde mpya wa Wazungu. Katika nchi ya Marekani, katika jimbo la Missouri, alikuwako mtu jina lake Holless Wilbur Allen. Mwaka 1966 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, naye akaipata mwaka 1969. Uvumbuzi huo ni upinde wenye magurudumu katika ncha zake mbili, na nyaya zinazopita kutoka ncha moja kwenda nyingine. Magurudumu hayo hayakuwekwa mhimili katikati kabisa. Kwa hiyo mtu akivuta, mwanzoni upinde huwa mzito, lakini akifika karibu na mwisho, magurudumu hugeuka na uzito hupungua ghafula. Upinde uliohitaji kilo 30 katikati ya safari huweza kushikwa kwa kilo 6 hadi 9 mwishoni. Hivyo mpigaji hupata nafasi ya kutulia na kulenga. Upinde huo umeenea duniani katika michezo ya shabaha, na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba utaingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028.

Mtu akinunua upinde wa magurudumu haanzi kupiga siku ileile. Hana budi kuusawazisha. Kwanza hupima urefu wa kuvuta. Hunyosha mikono yote miwili, akapima kutoka ncha ya kidole cha kati hata ncha ya kidole cha pili, akagawanya kwa 2.5, mwenye sentimita 175 hupata sentimita 70, naye huanzia hapo. Pili, huweka uzito kwa kuzungusha parafujo mbili zinazoshika mbao za juu na za chini, nazo zizungushwe sawasawa, zamu kwa zamu, wala zisifunguliwe kupita kipimo cha mwenye kuutengeneza. Tatu, hutazama magurudumu yafike mwisho pamoja. Moja likitangulia, mshale huyumba. Nne, huweka mahali pa kupachika mshale, ili mshale ufanye pembe mraba na upote. Mwisho hupiga mshale katika karatasi iliyotandazwa hatua chache mbele yake, akaitazama tundu. Karatasi ikipasuka kuonyesha kwamba mkia wa mshale ulikuwa juu, ajua mahali pa kupachikia pamewekwa juu mno, naye hupashusha kidogo. Hurudia hata tundu liwe moja safi.

Msomaji mwangalifu ameona sasa tunalotaka kusema. Urefu wa kuvuta, uzito, ulinganifu wa juu na chini, mkazo wa upote, mahali pa kupachika, ugumu wa wano: yote anayoyatafuta mwenye upinde wa magurudumu kwa parafujo na kipimo, Mhadzabe huyatafuta kwa jicho, kisu na moto. Maswali ni yaleyale, kwa kuwa sheria za mwendo ni zilezile kwa watu wote. Hata onyo kubwa ni moja: usiuachie upote bila mshale, maana nguvu iliyokusudiwa kuusukuma mshale humrudia mwenyewe upinde na kuuvunja. Tofauti ni hii, kwamba upinde wa magurudumu ukiharibika porini hutaka mashine ya kuukandamiza kabla ya kuvuliwa upote, nao hungojea fundi. Upinde wa Mhadzabe ukiharibika, fundi ni yule yule aushikaye, na duka lake ni kichaka kilicho mbele yake.

Tena upinde una desturi zake. Wanaume wa Kihadzabe wana mchezo wa kamari uitwao lukuchuko, unaochezwa kwa vipande vya ganda la mti. Woodburn aliandika kwamba katika mchezo huo waliweka rehani mishale ya uchungu, visu na vitu vingine vya thamani. Lakini upinde wenyewe, mishale isiyo na sumu na mkoba wa ngozi havikuwekwa. Tazama hekima hiyo. Mtu aweza kupoteza mali yake yote mchana kutwa, lakini jioni bado ana chombo cha kumpatia chakula. Sheria nyingi za mataifa makubwa juu ya wadeni, zilizoandikwa na mabingwa, zina shabaha hiyohiyo: mdai asichukue jembe la mkulima.

Je, elimu hii yaweza kupotea? Tunao mfano karibu nasi. Katika nchi ya Kenya, upande wa Tsavo na mto Galana, waliishi Wawaata, ambao wengine waliwaita Waliangulu. Upinde wao ulikuwa mmojawapo wa pinde zenye nguvu kupita zote duniani, nyingine zikihitaji kilo 50 na zaidi, nao waliwaua tembo kwa mishale ya uchungu uliopikwa kwa mti ambao Wamasai huuita olmorijoi. Walanguzi wa pembe walipoongezeka na tembo wengi wakauawa, serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa katika miaka ya 1956 na 1957. Wawindaji walikamatwa na kufungwa, na pinde zikachukuliwa. Mwaka 1960 palianzishwa mpango wa Galana, wa kuwaruhusu wawinde kwa kipimo, lakini haukurudisha maisha yao ya kwanza. Kulinda tembo lilikuwa jambo jema. Nasi hatusemi wangeachwa waishe. Lakini kizazi kimoja tu kilitosha kuukata uzi wa elimu iliyosokotwa na vizazi vingi. Mjukuu wa mpiga upinde mkuu akatazama upinde wa babu yake katika nyumba ya makumbusho kama mgeni yeyote.

Huku kwetu mambo yamekwenda kwa njia nyingine, lakini mwelekeo unafanana. Mwaka 1959 Ngorongoro ilifanywa eneo la hifadhi, na uwindaji ndani yake ukakatazwa. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1964 na 1965, serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi katika makao mapya kama Yaeda Chini, ili wapate shule, dawa na mashamba. Nia ilikuwa njema. Lakini watu waliozoea kutawanyika, wakiwekwa mahali pamoja, waliingiwa na maradhi, wengi wakafa, na waliobaki wengi walirudi porini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyoshika mahali pake, zadai kibali kwa mwindaji. Mwaka 2007 palitokea mpango wa kuwapa wageni kutoka nchi za Ghuba haki ya kuwinda katika bonde la Yaeda. Baada ya malalamiko mengi mpango huo uliachwa mwaka uleule. Na mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipewa hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwao mbele. Hilo ni jema, nasi twalifurahia.

Lakini upande wa Mang'ola, ulio katika wilaya ya Karatu, mambo si mepesi hivyo. Chemchemi zilizowanywesha wanyama sasa zinanywesha vitunguu. Miti iliyotoa mipini ya pinde imekatwa kwa kuni na kwa kupanua mashamba. Mnyama mkubwa, ambaye kano zake hufanya upote, hukaa mbali. Watalii huja asubuhi kutazama upinde ukivutwa, wakapiga picha, wakaondoka kabla ya jua kali. Hatuwalaumu wakulima, maana nao wana watoto wa kulisha. Wala hatuwalaumu watalii, maana fedha zao hununua unga. Twasema tu kwamba upinde hauwezi kuishi kwa kuonyeshwa. Upinde huishi kwa miti, kwa wanyama, na kwa kijana mwenye nafasi ya kukosa shabaha mara elfu huku mzee akimtazama.

Hapa ndipo neno hili linapotugusa sisi walimu. Mtoto wa Kihadzabe akipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba, ile miaka ambayo upinde ungekua pamoja naye hupita darasani. Akitoroka, twasema hapendi elimu. Akikaa, hurudi kwao akiwa kijana asiyeweza kuuvuta upinde wa baba yake, na mara nyingine hakupata kazi mjini pia. Amepoteza huku na huku. Hatusemi asifundishwe kusoma na kuhesabu, la hasha. Bila kusoma, hati ile ya ardhi itasomwa na mtu mwingine kwa faida yake. Lakini shule inayoucheka upinde humfundisha mtoto kumcheka baba yake, na mtoto wa namna hiyo hawezi kukaa kwa amani mahali popote.

Yako mambo tunayoweza kuyafanya bila kungoja fedha wala amri. Siku ya somo la hesabu, mwalimu aweza kumwita mzee mmoja aje na upinde, akawaonyesha watoto jinsi nusu mbili zinavyolinganishwa. Hapo watajifunza ulinganifu kuliko ubaoni. Siku ya sayansi, watoto na waulize kwa nini upote hulegea siku ya mvua. Siku ya historia, na wasikie habari za chuma cha Wadatoga na asali ya Wahadzabe, wajue kwamba majirani waliishi kwa kubadilishana. Mzee na aketi kitini mbele ya darasa, aitwe mwalimu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Watoto wa Wairaqw, wa Wadatoga na wa Wamasai waketi pamoja na wa Kihadzabe wasikilize, nao watajifunza jambo lisilo katika kitabu: kwamba mwenzao mnyonge, aliyeketi nyuma akiwa kimya, ametoka katika watu wenye maarifa makubwa.

Fundi wa upinde hawezi kuurudisha mti aliokwisha kuukwangua. Ndivyo ilivyo na desturi za watu: zikiisha kukwanguliwa kwa haraka, hakuna parafujo ya kuzirudisha. Basi na tuvute kidogo kidogo, tutazame juu na chini, ndipo tukwangue.